Namba Tisa ya Chinongwe

Shamba la Majaribio,
Nachingwea.
Jumanne, 11 Agosti 1953.

Kwa dada yangu Swaumu binti Mikidadi, Chinongwe.

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji Ausi na watoto, na kwamba goti lako limepunguza kuuma sasa mavuno yamekwisha. Mimi mwili ni mzima. Kichwa tu ndicho kinachonigonga, nacho sitakuficha, kimeanza kugonga tangu Alhamisi iliyopita, na sababu zake ni wataalamu saba, mashine moja, na barua yako.

Shemeji Ausi, najua wewe ndiye unayesoma na yeye anasikiliza huku akichambua mboga. Tafadhali soma yote kama yalivyo, usiruke wala usipambe. Na kama kuna majirani wamekaa barazani, waombe kwa adabu waende kwao kwanza.

Dada, barua yako nimeipata Ijumaa mchana, mkutano ukiwa katikati, nami nimeshika madaftari kwapa zote mbili. Nimeisoma mara tatu. Unasema umemshitaki Lusia kwa jumbe, kwamba Februari, mlipokwenda Likunja kwenye matanga ya baba mkubwa, yeye uliyemwachia kuku awaangalie aliingia ndani, akafungua kibuyu chako cha mbegu ya ufuta, akachota, akakiziba tena kwa udongo usio wako. Unasema hiyo ndiyo sababu ufuta wake mwaka huu umejaa na wako umekuwa haba: alichota mbegu na rutuba pamoja, kwa dawa za kwao. Kesi ni Jumamosi hii. Akishindwa, jumbe atamtoa kwenye shamba aliloazimwa, aende alikotoka. Nawe unataka nije niseme mbele ya baraza kwamba mbegu ile ni ya marehemu mama na mtu wa nje hajapata kuigusa. Tena umeongeza kwamba Lusia ameanza kufunga mizigo, na kwamba hiyo peke yake yatosha kuwa ushahidi.

Loo, dada! Mjane wa Kimakua aliyevuka Ruvuma na mtoto mgongoni, jirani yako wa miaka sita, aliyekukanda goti masika yale shemeji alipokuwa manambani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini sikujua kwamba kamba hiyo itafungwa na mkono wako. Mtu anayefunga mizigo ni mtu aliyetazama kushoto na kulia akaona hana wa kumsemea. Ningekuwa karibu tungegombana. Nitakujibu juu ya kesi, wala sitakwepa, ila jibu langu huwezi kulielewa mpaka ujue yaliyonipata hapa. Kwa hiyo vumilia kidogo, kama nami nilivyovumilia.

Kile kipande cha serikali kando ya barabara hapo kwenu unakijua. Viko vinne vya namna hiyo: hapa Nachingwea, Likunja, Mbwemkuru na Chinongwe. Kila kimoja kimepandwa aina kumi na mbili za ufuta, ambazo hazina majina, zina namba tu. Bwana wetu mkuu, yule tunayemwita Bwana Kamba kwa kuwa hapandi hata mchicha bila kuvuta kamba kwanza, anataka kujua jambo moja. Ufuta ukizaa vizuri, ni kwa asili ya mbegu au ni kwa mahali ilipopandwa? Na kila kimoja kimechangia kiasi gani? Ni kama kumwona mtoto mrefu ukauliza urefu umetoka kwa baba yake au umetoka kwenye uji. Bibi yetu angejibu kwamba umetoka kote kuwili, akaendelea kutwanga. Bwana Kamba anataka kipimo, tena chenye nukta.

Kwa ajili ya swali hilo akaita wataalamu kutoka Kenya, Uganda, na mmoja kutoka Ulaya kabisa. Dada, omba Mungu usije ukapewa kazi ya kupokea watu saba ambao kila mmoja anajua kuliko mwenzake. Walishuka kwenye ndege wanabishana, na walipoondoka walipanda wanabishana. Mimi, karani wa shamba, ndiye niliyetakiwa nitafute vitanda katika zile nyumba za bati walizoacha watu wa mradi wa karanga, nifukuze panya, nitafute vyandarua visivyo na matundu. Mmoja hali nyama. Mwingine hali kitu kingine ila nyama. Wa tatu alikuja na birika lake akakataza lisiguswe, kisha akalalamika kwamba hakuletewa chai. Mkutano wenyewe ulikuwa katika ghala la vipuri vya trekta, linanuka grisi mpaka leo, na nje yake yale matrekta mabovu yamepangwa safu nzima, ili mtu akitaka kuingia kujadili kilimo cha kisasa ayapite kwanza.

Mgeni kutoka Ulaya nilimpa jina la Bwana Hesabu. Amekuja na mashine ya chuma ya kupigia hesabu, ina mpini wa kuzungusha kwa mkono kama kinu cha kusagia kahawa. Kazi yangu ilikuwa kumsomea namba kutoka madaftari yangu, naye anazungusha. Kutwa nzima ya Alhamisi, kri-kri-kri. Alasiri mpini ukakwama, mabwana wote saba wakaacha ufuta wakainama juu ya mpini, kila mmoja na rai yake kuhusu chanzo cha kukwama. Fundi wa gereji alipoitwa alikuta mende.

Ijumaa asubuhi tukawapeleka Likunja wakazungumze na wakulima. Bwana mmoja mnene wa kutoka Uganda, ambaye kwake kila jambo chini ya jua huanzia kwenye udongo, alitaka kumwuliza mzee Seleman anaonaje, urithi wa mbegu na mazingira kipi kina nguvu zaidi. Swali likatoka kwa Bwana Udongo kwenda kwa Bwana Eustace, kijana wa Bukoba aliyesoma Makerere, ndiye mtaalamu pekee mweusi kati yao. Bwana Eustace akalileta kwangu kwa Kiswahili. Mimi nikamfikishia mzee kwa Kimwera. Mzee akafikiri, akajibu kwa kirefu, mikono yote miwili inafanya kazi. Wakatoa kalamu. Nikawafasiria kwamba mzee anauliza kamba zao zitaondolewa lini, maana moja imemnyonga mbuzi wake. Wakaandika hivyohivyo.

Tuliporudi ndipo nikakabidhiwa barua yako, na jioni ile ile ndipo ilipotokea habari ya namba tisa.

Sikiliza vizuri hapa, dada. Hesabu zilipokwisha kuzungushwa, ilionekana kwamba aina kumi na moja zilifanya kama watu walivyotazamia: iliyo nzuri hapa ni nzuri na kule, dhaifu ni dhaifu kokote. Namba tisa tu ndiyo iliyowashangaza. Hapa Nachingwea imekuwa ya mwisho. Likunja ya mwisho. Mbwemkuru ya pili kutoka mwisho. Chinongwe imezipita zote, mabua yamenifika kidevuni na maganda yamejaa tangu chini. Mabwana walisimama. Bwana Hesabu alikuwa mwekundu kwa furaha, akasema hilo ndilo alilokuwa akilihubiri miaka kumi bila kusadikiwa, kwamba mbegu haina thamani moja, thamani yake huamuliwa na mahali, na kwamba atakwenda kuliandika lisomwe Ulaya nzima. Bwana Udongo akasema ni udongo, wakagombana mpaka chakula kikapoa, kisha akaagiza nimletee debe mbili za udongo wa Chinongwe apande nazo ndege. Bwana Kamba hakubishana. Alisema tu kwamba msimu ujao namba tisa itazalishwa kwa wingi igawiwe wakulima wote wa upande wa Ruangwa, na mbegu zao za zamani zikamuliwe mafuta zisirudi shambani.

Bwana Eustace peke yake hakufurahi. Aliomba aletewe sampuli kutoka ghalani, akamwaga mezani mafungu manne ya namba tisa. Matatu ni meupe. La Chinongwe ni la rangi ya kahawia, dogo dogo, linang'aa. Akauliza kwa upole kama mahali huweza kubadili na rangi ya mbegu. Bwana Hesabu akafikiri kidogo, akasema mahali huweza mengi. Watu wazima, dada, wenye shahada! Bwana Eustace aliinua macho akaniangalia mimi niliyesimama na daftari, akaniangalia muda mrefu kuliko adabu. Usiku wa Ijumaa sikulala.

Sasa nafika kwenye jibu lako. Shemeji, usiharakishe hapa.

Mbegu za kupanda vituo vyote zilikuwa kwenye vifurushi vya karatasi, kila kituo vyake kumi na viwili. Februari nilitoka na baiskeli, nikapanda Likunja, nikafika Mbwemkuru mvua imenipiga. Nililala kwa Adinani, yule wa ukoo wa mama. Mkoba wa mbegu niliuingiza jikoni usilowe, nikalala nimechoka. Na wewe unajua desturi yetu: mgeni akiweka kifurushi chake jikoni kimya kimya, ndiyo zawadi yake kwa mwenye nyumba, na kuuliza ni utovu wa adabu. Mke wa Adinani akakuta vifurushi vingi, akajisemea mgeni huyu mwungwana, akachukua kimoja tu ili asionekane mroho. Asubuhi nikaletewa ugali wa muhogo na mlenda uliotiwa ufuta. Nikala, nikaongeza, nikamsifu mama wa watu kwamba sijala mboga nzuri kama ile tangu nitoke kwa dada yangu. Nilipokuwa nafunga mkoba ndipo nikahesabu. Namba tisa ya Chinongwe nilikuwa nimeila.

Ningewezaje kumwambia mama yule arudishe? Na ningewezaje kurudi Nachingwea kumwambia Bwana Kamba, ambaye Jumatatu yake alikuwa anakuja Chinongwe kukagua, kwamba mistari minne iko mitupu kwa sababu serikali imeliwa kwa mlenda? Nilifika kwako mchana. Nyumba imefungwa, mmekwenda matangani Likunja, msiba ulionipita njiani, Lusia yuko uani anawapa kuku pumba. Alinisalimu, akanipa maji, akaenda shambani kwake. Nikaingia ndani, dada. Kibuyu nilikijua kinapokaa tangu enzi za mama. Nilibomoa kizibo, nikachota viganja viwili, nikakiziba kwa tope jeusi la kule kisimani kwa kuwa la kichuguu sikuliona na mvua ilikuwa inarudi. Nikaenda nikapanda mistari minne kwa kamba, nikaandika daftarini namba tisa.

Si Lusia. Ni mimi, mdogo wako, niliyefungua kibuyu cha mama, ambacho mwanamume hana haki nacho hata kwa kuomba.

Na hilo silo baya kuliko yote. Nilikusudia kukuambia mtakaporudi, nikijua utanitukana kisha utacheka. Lakini Machi nilipokuja kupalilia, wewe ulinitangulia. Ulinisimulia habari za udongo mweusi na jinsi ulivyomjua mwizi. Lusia alikuwa anapita barabarani na mtungi, ukatema mate. Nami nilikuwa nala chakula chako. Nilitaka kusema, nikaogopa kwamba utalisema kisimani, likifika kisimani litafika Nachingwea, na kazi yangu imekwenda. Nikanawa mikono, nikanyamaza. Nikanyamaza tena Mei, na tena nilipokuja kuvuna. Nilijiambia ni kununiana kwa wanawake tu, kutakwisha. Aibu ninayoiona, dada, siwezi kuipima kwa mashine yoyote.

Lakini mashine ile imenifundisha kitu, na nataka ukisikie kabla hujakasirika ukashindwa kusikia. Umesema Lusia amechota rutuba yako. Mbegu iliyonifika kidevuni kwenye kipande cha serikali ni mbegu yako, ya kibuyu kile kile kilichotoa ufuta wako ulio haba. Asili ni moja. Mimi niliipanda mvua za kwanza, nikaipalilia mara tatu. Wewe ulirudi matangani, ukakaa siku saba, ukatumia siku nyingine ngapi sijui kwenda kwa mganga kuuliza nani amefungua kibuyu, ukapanda wiki tatu baadaye juani, ukapalilia mara moja na goti bovu. Lusia alipanda siku ile ile niliyopanda mimi, nilimwona kwa macho yangu upande wa pili wa barabara. Basi. Hakuna dawa hapo. Wale saba wamekusanywa kwa ndege na vyandarua kujadili jambo hilo hilo, na ushahidi wao wote ulikuwa shambani kwako.

Jumamosi asubuhi, kabla hawajafunga mkutano, nilisimama. Karani hasimami pale bila kuitwa, kwa hiyo walidhani kuna moto. Nilijua nikija Chinongwe kumtetea Lusia kwa jumbe, habari itanirudia huku kwa mdomo wa wengine, na nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kunyamaza. Nikasema kwa Kiswahili, Bwana Eustace akafasiri. Nilipofika kwenye mlenda alikoma, akanitaka nirudie. Nikarudia. Mmoja wao akacheka mpaka akatoka nje. Bwana Udongo akauliza, basi udongo wake ufanywe nini. Bwana Hesabu hakucheka. Aliifunika mashine yake, akauliza mbegu ile ya kahawia ni ya nani, na je, mwenyewe atakubali kuwauzia kidogo. Nikamjibu kwamba hilo si langu kulisema, ni la dada yangu, na kwamba wiki hii asimwulize.

Bwana Kamba alifunga daftari langu taratibu. Ilani ya kugawa namba tisa ameichana, kwa hilo namshukuru, maana ile nyeupe ya kweli ingewatia watu wote njaa. Mimi nimepewa mpaka Alhamisi kukabidhi madaftari na baiskeli. Miaka minne, dada, na cheo cha karani mkuu kilikuwa kinakuja Januari. Usinionee huruma. Nimekasirika sana na wote, na Bwana Kamba, na mke wa Adinani, na wewe, na nikimaliza kuwakasirikia nabaki mimi.

Barua hii nampa Awadhi dereva, atakufikishia kesho. Mimi nitapanda lori la Ijumaa, na Jumamosi nitasimama kwa jumbe, nitasema haya haya mbele ya watu wote, na faini yoyote watakayonipiga kwa kufungua kibuyu nitalipa. Lakini siku tatu ni nyingi kwa mtu aliyekwisha kufunga mizigo. Akiondoka kesho kutwa, kesi nitamshindia nani?

Nisalimie watoto wote, na mke wa mzee wa msikiti, na jamaa zetu wa Mbwemkuru ukiwaona, ila wa Mbwemkuru usiwaeleze sababu ya mimi kuacha kazi. Mama yule hana kosa na ataumia. Shemeji Ausi, ahsante kwa kusoma, nisamehe kwa kukuweka katikati.

Na zipo salamu zangu kwa Lusia. Hizo, dada, usimtume mtoto wala shemeji. Inuka na goti lako, uvuke barabara, umpelekee mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako mkosa,
Bashiri bin Mikidadi.